Kiolezo cha Celestine

Kicheko ndicho kilichomuudhi Nerima kwanza, wala si kompyuta. Mtu akikuletea mashine inayofanya kazi yako ya wiki nzima kwa dakika mbili, utakasirika, lakini utaona haya kusema umekasirikia mashine. Kicheko ni kitu kingine kabisa. Watu wawili wako upande wa pili wa chumba, wameinamia skrini moja, bega kwa bega, wanacheka, na wewe umeachwa na chai yako inayopoa. Hicho kinakuingia mpaka kwenye mfupa. Nerima alikisikia Jumatatu asubuhi, akajitia anatafuta kalamu ndani ya mkoba, na roho ikaanza kumuuma papo hapo.

Ngojeni niwaweke sawa kabla hamjamhukumu. Nerima ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, na Kampala alikuwa ameikaa kiasi cha kugombana na watu wa bodaboda kwa Kiganda na kuwashinda. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Ayaa naye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Huyu Ayaa ni binti wa polisi, kwao Kitgum, lakini alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za polisi pale Nsambya, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha "mimi iko hapa" na "kuja kwanza uone." Wawili hawa walikutana kwenye kampuni moja ya mjini, wakachoshwa nayo kwa pamoja, wakatoka kwa pamoja, wakapanga chumba ghorofani, juu ya duka la dawa, si mbali na hospitali ya Nsambya. Wakafungua kikampuni chao. Meza mbili zinatazamana, birika moja, na dirisha linaloangalia kilima cha Kibuli.

Kwa miaka sita wakawa wanaandika programu za shule ndogo, za zahanati, za vikundi vya akina mama. Nerima alikuwa mkubwa, Ayaa akimwita dada, na hilo dada halikuwa la mdomoni tu. Nerima alipolazwa na malaria ni Ayaa aliyemwogesha. Baba yake Ayaa alipofariki ni Nerima aliyepanda basi mpaka Kitgum akalala chini pamoja na wafiwa. Nerima mume alikuwa naye zamani, akaondoka, na sidhani kama alimlilia sana. Mtoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni Ayaa, na kile chumba, na ule mkono wake wa kuandika msimbo, yale maandishi yanayoiongoza kompyuta.

Na alikuwa anajua kuandika, tusimnyime haki yake. Kila ukurasa wa programu aliuandika mwenyewe, mstari kwa mstari, majina yamechaguliwa, nafasi zimeachwa panapostahili, hesabu zimekaguliwa. Ungefungua kazi yake ya mwaka juzi ukaielewa bila kumuuliza mtu. Ayaa alikuwa akisema kazi ya dada yake haivuji. Nerima aliishi kwa maneno hayo, ingawa kila alipoambiwa alijifanya hajasikia.

Halafu akaja Daktari Aol. Huyu ni mama mmoja mwenye zahanati zake, nyingine hapa Kampala, nyingine Lira na Gulu, na kila moja ina daftari zake za watoto, za wajawazito, za maabara, za dawa, na kila moja inajaza kwa namna yake. Alitaka zote ziingie kwenye kompyuta, na alitaka mapema. Nerima akapiga hesabu kichwani, akaona kwamba watu wawili wakiandika kwa mkono watazeeka hapo. Akasema wamwombe daktari apunguze, au waikatae kazi. Ayaa akasema wangoje kidogo, yeye atatafuta njia. Njia yenyewe ikapanda ngazi Jumatatu ile na kibegi mgongoni, na jina lake ni Celestine.

Celestine ni msichana wa Goma. Mwembamba, anaongea polepole, kichwani kitambaa, na akikusalimia anakushika mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa amefanya kazi Nairobi, sasa yuko Kampala kwa shangazi yake kwa muda, na Ayaa alimpata kwenye mkutano mmoja wa watu wa kompyuta. Nerima alimtazama mara moja tu akamaliza kumchukia. Ningekuwa na sababu ya maana ningewapa, lakini sina. Alimchukia kwa kuwa Ayaa alimvutia kiti kando yake, wakati kilikuwepo kiti kingine dirishani.

Alichokileta Celestine ni kiolezo. Nerima alisikia maelezo kwa sikio moja, amewapa mgongo. Kurasa zote za zahanati, alisema yule msichana, ni ndugu. Juu kuna jina, chini kuna visanduku vya kujaza, halafu kitufe cha kuhifadhi. Kinachotofautiana ni visanduku vyenyewe. Sasa kwa nini uandike kila ukurasa toka mwanzo? Andika ukurasa mmoja wenye mapengo, hicho ndicho kiolezo. Kando yake eleza kwa maneno machache kila daftari lina visanduku gani. Mashine itachukua maelezo, itayajaza kwenye mapengo, itakuandikia msimbo wa kurasa zote. Mafundi wa nguo wa soko la Owino wanafanya hivyo kila siku, wanakata karatasi ya gauni mara moja, halafu wanakata vitambaa kwa karatasi hiyo hiyo mpaka wachoke.

Akabonyeza. Zikamwagika kurasa, za Kampala, za Lira, za Gulu, zote zimenyooka. Ayaa akacheka kwa furaha na kumpiga Celestine begani. Ndicho kile kicheko nilichowaambia.

Celestine, kwa adabu zake, akasema kesho yake atawafundisha wote wawili tangu mwanzo, asubuhi nzima ameitenga. Nerima akajibu, bila kugeuka, kwamba kesho ana safari ya Owino kununua mapazia ya ofisi. Mapazia yaliyokuwepo hayakuwa na ubaya wowote. Lakini Jumanne ilipofika alikwenda kweli, akazunguka kati ya marundo ya nguo mpaka jua likampata kichwani, akashikashika vitambaa vya watu na kuvirudisha, akabishana na mama mmoja kuhusu rangi. Alirudi mchana na blauzi ambayo haikumtosha. Aliwakuta wawili wale wanakula katogo, ndizi zilizopikwa na utumbo, kutoka sahani moja, Ayaa akamwita aje, dada kuja, bado iko moto. Akasema ameshiba. Alikuwa na njaa ya kuona kizunguzungu.

Toka hapo mambo madogo madogo yakawa yanamla. Ayaa alianza kusema "njo vile" kila akikubali jambo. Njo vile! Nerima alikuwa amemrekebisha Kiswahili miaka sita, taratibu, kwa mapenzi, asishike hata nusu, leo msichana wa Goma wa juzi kaja na maneno yake na Ayaa kayameza yote. Ayaa akaanza kufika mapema, na kabla hata hajaweka maji ya chai utamkuta ameshafungua mashine. Wakiondoka jioni, wawili wale wanatangulia ngazini bado wanaongea, na Nerima anafunga mlango. Hakuna aliyemwambia afunge yeye. Lakini alijiambia wamemfanya mlinzi.

Na alikuwa na hofu, hiyo ndiyo ilikuwa chini ya yote, na afadhali niiseme kwa jina. Aliogopa kwamba siku moja Ayaa atainua macho kutoka kwenye ile skrini na kuona kwamba hamhitaji tena dada wa kuandika kwa mkono. Kikampuni ni cha watu wawili. Celestine akiingia, anayetoka ni nani? Swali hilo alilala nalo, akaamka nalo, akapanda nalo boda.

Basi akaanza kutafuta kosa. Mtu asikudanganye kwamba alikuwa anakagua kazi. Alikuwa anatafuta kosa kama unavyotafuta chawa, ukijua yupo. Na alilipata. Kwenye ukurasa wa watoto, ule uliotoka kwenye kiolezo, kisanduku cha umri kilikuwa kinahesabu kwa miaka tu, kwa sababu kiolezo kilianzia kwenye daftari la watu wazima. Mtoto wa wiki tatu, ukimwandika, anakuwa na umri wa sifuri. Na kipimo cha dawa, ambacho programu ilikuwa inakipendekeza kutokana na umri, kinatoka hovyo. Nerima akajaribu mara ya pili, akapata jibu lile lile. Moyo ukamruka kwa furaha. Ndiyo, furaha, sitaki kumsitiri. Alikaa pale anatabasamu peke yake mbele ya dawa isiyo sahihi ya mtoto mchanga.

Mtu mwingine angeinua kichwa akasema, jamani hebu mje muone. Nerima hakusema. Kusema ingekuwa kuwasaidia. Alichofanya ni kuufungua ule ukurasa uliotoka mashineni na kuutengeneza kwa mkono wake, kimya kimya, jioni wenzake walipokuwa wameshuka kununua chapati. Akaweka tarehe ya kuzaliwa badala ya umri, akaandika hesabu inayotoa wiki kwa wachanga, miezi kwa wanaofuata, miaka kwa wakubwa. Ilikuwa kazi safi, labda safi kuliko zote alizowahi kuandika. Akaihifadhi, akasubiri. Alitaka Ayaa aikute mwenyewe, aishangae, ageuke na kusema, dada, huu mkono wako naujua.

Asubuhi Ayaa hakusema kitu. Nerima akafungua ukurasa, na kazi yake haikuwepo. Umri kwa miaka, kama jana.

Akadhani hakuhifadhi vizuri. Akaiandika tena. Kesho yake imeondoka tena. Akaiandika mara ya tatu, na safari hii aliangalia vizuri mpaka juu kabisa ya faili, na huko akaona maneno ambayo hakuwa ameyajali. Faili hili limeandikwa na mashine. Usiliguse.

Sasa hapa mnisikilize. Maneno ya namna hiyo Nerima aliyafahamu. Katika kazi yao yako kila mahali, mashine inayatia yenyewe juu ya kila faili inalolitoa, na maana yake ni ya kawaida tu: ukitaka kubadilisha kitu nenda kwenye kiolezo, kwa sababu hapa kitafutwa. Angeyakuta kwenye kazi ya mtu mwingine yeyote angeyapita kama unavyopita kibao cha "Pikipiki hapa hapana." Lakini aliyeyaandika alikuwa Celestine, na aliyaandika kwa Kiswahili, na katika chumba kile aliyekuwa anagusa ni Nerima peke yake. Kwa hiyo alisoma: wewe Nerima, usiguse. Damu ikamchemka. Akaona yote. Akaona Celestine anafika asubuhi, anakuta kazi nzuri ya mtu, anaifuta, anarudi kumchekea Ayaa usoni.

Historia ya mabadiliko ilikuwepo kwenye kompyuta. Angeifungua ingemwonyesha ni nani aliyebonyeza nini, na siku gani. Nerima ndiye aliyewahi kumfundisha Ayaa kuisoma. Hakuifungua. Mtu mwenye wivu hana haja ya ushahidi, hukumu ameshaiandika nyumbani.

Mara moja, katikati ya hayo, Ayaa alikuja akasimama kando ya meza yake. Celestine alikuwa ametoka. Ayaa akasema, "Dada, kuja kwanza nikuonyeshe hii kitu. Ni ya sisi, haichukui muda." Nerima akauliza, sisi nani? Ayaa akasema, sisi, mimi na wewe. Na Nerima, badala ya kusimama, hatua tatu tu, akasema kichwa kinamgonga, labda kesho. Ayaa akangoja kidogo. Akasema, bambi, pole, akarudi mezani kwake. Kesho hakuitwa, na Nerima akaihesabu hiyo pia kuwa kosa la Celestine.

Alhamisi ya wiki ya pili, mchana, Daktari Aol akaja kuonyeshwa kazi. Mama mnene, mpole, viatu vya chini, amekaa kwenye kiti cha wageni na glasi ya maji mkononi. Ayaa ndiye aliyeonyesha, projekta inaangaza ukutani, na alionyesha vizuri. Celestine alikuwa nyuma kabisa, karibu na birika. Daktari akafurahi, akauliza maswali ya watu wanaojua kazi yao, akaona daftari zake za Gulu zimekuja kama zilivyo. Halafu akasema waandike mtoto, mtoto wa wiki tatu, kwa sababu hao ndio wanaomnyima usingizi.

Nerima alikuwa ameitengeneza tena jana yake. Alijua pia kwamba imefutwa tena, asubuhi alikuwa ameangalia. Alijua kitakachotokea, akakaa mkao wa kutazama.

Ayaa akaandika. Umri: sifuri. Kipimo cha dawa kikatokea ukutani kwa herufi kubwa, na hata mtu asiyekuwa daktari angeona hakifai. Ayaa akafuta, akaandika tena, kikatoka kile kile. Akamtazama Celestine, na Celestine akawa amesogea mbele, anasoma ukuta, midomo inachezacheza.

Hapo Nerima akasimama. Alikuwa ameyaandaa maneno kwa siku nyingi na yakatoka kama alivyoyaandaa, sauti imetulia. "Daktari, hilo kosa ninalijua," akasema. "Nimelitengeneza kwa mkono wangu mara nne. Kila nikilitengeneza kuna mtu humu ndani analifuta. Si Ayaa."

Waliobaki humo ndani, ukimtoa Ayaa na ukimtoa yeye, ni mgeni na msichana wa Goma. Celestine akasema polepole kwamba yeye hajafuta kitu, na sauti yake ikakatikia hapo. Nerima hakumtazama. Alikuwa anamtazama Ayaa, anangoja uso ule ugeuke, uelewe, urudi kwake.

Aliyezungumza ni daktari. Aliweka glasi chini. "Umelijua tangu lini?" akauliza.

Nerima akasema tangu wiki iliyopita.

"Na ulimwambia nani?"

Swali dogo hivyo. Nerima akafungua mdomo. Akapitisha akilini siku zote zile, jioni zile za kuandika peke yake, asubuhi zile za kuchungulia, akatafuta mtu mmoja aliyemwambia, na hakumpata. Akasema alilitengeneza. Daktari akasema amesikia kwamba alilitengeneza. Aliuliza alimwambia nani.

Daktari Aol hakugomba. Alichukua mkoba wake, akamwambia Ayaa kwamba kazi ni nzuri na kosa ni la kutengenezeka, makosa yapo. Atarudi Jumatatu. Lakini Jumatatu, akasema, atataka kuzungumza na watu ambao wakiona kipimo cha mtoto kimekosewa watapiga kelele siku hiyo hiyo, hata kama hawapendani. Akashuka ngazi polepole, anashikilia ukuta.

Ayaa akazima projekta. Akakaa. Aliongea akitazama mikono yake.

"Ni mimi nafuta," akasema. "Kila asubuhi, mimi. Nikifika nabonyeza, kurasa zote zinaandikwa upya kutoka kwenye kiolezo. Yote iliyo ndani inaondoka, yako, ya nani, mashine haichagui. Celestine hajabonyeza hata siku moja, dada. Mimi hata sikujua iko mtu anaandika humo."

Nerima akajishikiza kwenye kona ya meza. Akauliza, kwa nini hukuniambia? Na alipoyasema tu alitamani ayarudishe, kwa sababu Ayaa aliinua macho, na hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa yamechoka.

"Siku gani? Nitajie siku moja ulikaa, nikakuambia ukasikia."

Celestine alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. Alifungua kiolezo, kile chenye mapengo, akaguna, akaona pale pa umri. Halafu akageuka kwa Nerima. Mimi ningekuwa Celestine nisingegeuka, nawaambia kweli. Yeye aligeuka, akamwuliza kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza: dada, ile hesabu yako ya wiki na miezi, uliifanyaje? Nerima akamwambia. Alimtajia mstari kwa mstari, kutoka kichwani, sauti inakwaruza, na Celestine akaandika kila mstari mahali pamoja tu, ndani ya kiolezo. Akabonyeza. Kurasa zote za watoto, za Kampala, za Lira, za Gulu, zikaandikwa upya na hesabu ya Nerima ndani yake. Wakamwandika mtoto wa wiki tatu, kipimo kikatoka sawasawa. Celestine akasema iko muzuri sana, dada, miye nisingeiweza.

Kwa muda mfupi Nerima akapumua. Alitazama ukurasa baada ya ukurasa ukifunguka na mkono wake ndani, na akafikiri labda yatapita. Wamegombana kabla ya leo, yakapita. Atatengeneza chai. Atamwomba msichana msamaha, atamwomba vizuri, na Ayaa atacheka.

Ayaa akasema kuna jambo alikuwa ametaka kumwambia siku ile kichwa kilipomgonga. Celestine hakuja kukaa. Kuna kazi inamngoja Kigali, basi lake ni la Jumamosi, keshokutwa. Tangu mwanzo alikuja kuwafundisha tu. "Mimi ndiyo nilimwomba," Ayaa akasema. "Kwa sababu wewe ulisema kazi ya daktari ni kubwa, watu wawili hawaiwezi. Nikaona tukiwa na hii kitu tunaiweza. Wawili tu. Tusiingize mtu wa tatu."

Nje boda zilikuwa zinapigiana honi kwenye kona ya hospitali. Nerima akasikia kila neno, na kila neno lilimkuta mahali pake. Wawili tu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote hizo, kwenye ile skrini aliyoipa mgongo. Walikuwa wanacheka kwa ajili yake.

Ayaa alikuwa anafikiri, na Nerima, aliyekuwa anamjua kwa miaka, aliona kwamba anafikiri jambo zito na kwamba anaumia kulifikiri. Mwishowe akageukia upande wa pili wa meza. Akamwuliza Celestine kama lile basi la Jumamosi linaweza kuahirishwa. Kama ile kazi ya Kigali ni lazima.

Celestine alimtazama Nerima kwanza, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba kabla hajakaa.

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Nisamehe ni neno dogo, mtoto wa chekechea analiweza, na wote wawili walikuwa wamemgeukia wanamngoja. Nerima alilitafuta, wallahi alilitafuta, alilihisi likipanda kooni. Lakini kilichopanda nalo, na kikalitangulia kufika mdomoni, ni kile kitu cha Jumatatu ile, hakijapungua hata chembe.

"Kwa hiyo mlishapanga," akasema.

Ayaa akamtazama mpaka Nerima akainamisha macho.

"Hapana," Ayaa akasema. "Sasa ndiyo tunapanga."